Asubuhi Ambayo Beni Haikusikia

Simu ya mtoto wa Siméon inaita tangu asubuhi juu ya meza yangu, katikati ya makaratasi ya wanafunzi, na mimi sijaipokea. Ninajua anachotaka, kwa maana ameshaniandikia. Baba yake amefariki Beni juzi. Mimi ni mtoto wa ubatizo wa mzee huyo, na familia inaomba nitume maneno machache ya kusomwa kwenye misa ya maziko. Chini ya dirisha langu, hapa Butembo, kijana anayechaji betri za magari amefungua vifuniko vya betri zake, na harufu ya asidi imepanda mpaka ndani. Nimesikia harufu hiyo kabla ya kusikia huzuni. Huzuni yenyewe haijafika, na sidhani kama iko njiani.

Makaratasi haya ni ya somo ninalolifundisha kila mwaka. Wanafunzi wanakadiria urefu wa zile tabaka za juu angani zinazorudisha mawimbi ya redio. Wanapewa muda ambao wimbi lilichukua kupanda na kurudi kama mwangwi, nao watafute tabaka iko umbali gani juu ya vichwa vyetu. Wengi wamesahau kugawa kwa mbili, wakaipandisha mbingu mara mbili ya ilipo. Ninawaandikia pembeni, kwa wino mwekundu, maneno niliyoyasikia mimi nikiwa bado nang'oka meno: imeenda na kurudi.

Maneno hayo ni ya Papa. Watu walimwita Prof Muhindo, kwa kuwa alifundisha fizikia shule ya sekondari, lakini kabla sijazaliwa aliwahi kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti chenye mashine iliyorusha mawimbi juu na kuchora mwangwi wake kwenye filamu. Kituo kilipokufa alirudi nyumbani na mkebe wa filamu zile. Jumapili baada ya misa alizishika dirishani moja moja, mwanga ukipita, nami nikasimama juu ya kiti ili nione. Kulikuwa na mstari mweusi ulioanza chini, ukaenda taratibu, kisha ghafla ukasimama wima. Mwanzo wa mstari, alisema, unatuonyesha muda wa mwangwi, na muda unatupa urefu. Pale unaposimama wima ndipo mbingu inashindwa kurudisha tena na kuliachilia wimbi liende zake.

Ili nielewe mwangwi alinipeleka ukingoni mwa kilima chetu, akaniambia nipige makofi mara moja tu na kungoja. Kilima cha ng'ambo kikanijibu. Nilirudi nyumbani nikiruka, nikamweleza Mama kwamba kile kilima kinanijua.

"Nusu, Masika," Papa alisema nilipotaka kupima umbali kwa kuhesabu. "Imeenda, imerudi. Weye unatafuta safari moja tu. Na juu nako ni vile, mais juu kunajibu haraka sana, na kunasema uongo kidogo. Wimbi likiingia mule linachelewa, donc unazania iko mbali kuliko vile iko."

Nilipenda sana kwamba mbingu husema uongo kidogo na Papa anaweza kuusahihisha.

Somo la pili alilifanyia jikoni, na Mama hakulipenda. Alichukua chekecheo lake la unga, lile lililolegea nyuzi, akarusha punje za mchele juu yake. Zile alizozirusha moja kwa moja zilipenya matunduni. Zile alizozirusha kwa mlalo ziliteleza juu ya nyuzi na kuangukia mbali, nyuma ya mafiga, huku Mama akiuliza kama mbingu ndiyo itakayotupikia jioni. Ndivyo ilivyo sauti ya redio, Papa alisema. Jua likikaza, nyuzi za juu zinasukwa zikakaribiana. Alfajiri, kabla jua halijafanya kazi, zimelegea. Ukitaka Beni ikusikie, kwa kuwa Beni ni jirani, inakupasa kurusha sauti karibu wima, na alfajiri sauti ile, ukiwa kwenye masafa ya juu, inapenya na kupotea. Lakini kwa Lubumbashi au Kinshasa, ambako ni mbali, unairusha kwa mlalo, nayo inateleza na kushuka kule. Unaruka jirani, unafika kwa wa mbali.

Mimi niliyapokea kwa akili ya utoto. Niliamini kuna mtu anayekaa juu kila asubuhi na kusuka. Na zile punje zilizopenya sikukubali kwamba zimepotea. Nilijua wazi zinakwenda kwa wafu, kwa Kaka, ndivyo kwetu tunavyomwita bibi, mama yake Mama, aliyezikwa mwaka ule. Hivyo kila aliyeongea redioni alfajiri alikuwa anasikika kwa wa mbali na kwa wafu, na jirani peke yake ndiye asiyesikia. Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa utulivu kama habari ya kawaida.

Papa alikuwa na phonie, ile redio ya kuongea mbali, iliyotumia betri ya lori na waya uliofungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba. Vita vilikuwa vimeikata nchi. Sisi tulikuwa upande wa waasi, Kinshasa na Lubumbashi upande mwingine, na barua hazikupita. Basi alfajiri, kwenye kanali ya mbali, yaani yale masafa ya juu, Papa aliwatafutia watu ndugu zao. Kavira amejifungua salama. Mzee amekufa, msimngoje. Yule mdogo yuko hai, yuko kwa shangazi yake. Kule mbali kulikuwa na wenzake wenye redio, watu ambao hakuwahi kuwaona uso, walioamka mapema kwa ajili ya saa ile. Kuna mmoja wa Lubumbashi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye kila siku aliuliza kama Masika ameshaamka, nami nikapewa maikrofoni nimsalimie.

Saa nne, jua likiwa limepanda, Papa alihamia kanali ya karibu, ambayo mbingu ya saa ile huirudisha hata ukirusha wima. Hapo ndipo alipoongea na Beni, na Beni alikuwa Siméon.

Siméon alikuwa rafiki wa Papa na parrain wangu, baba wa ubatizo. Alinishika kisimani siku ya ubatizo, na ndiye aliyenifundisha Salamu Maria nilipojiandaa kwa komunyo ya kwanza, akinipa biskuti kila nilipofika mwisho bila kukosea. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye phonie yake iliyopeleka habari za wafanyabiashara wa kahawa na mbao mpaka Eringeti. Alipenda usingizi. Papa alimtania kwamba hajawahi kuona jua likichomoza, na Siméon alikubali, akisema jua linalochomoza halina biashara. Sikujua kwamba utani ule ungekuja kuokoa maisha ya mtu.

Askari walikuja wakati Papa anafunga viatu kwenda shule. Walisema kuna mtu anayewapa adui wa Kinshasa habari za malori ya wanajeshi, kwa redio, asubuhi sana, na kwamba wana shahidi. Walimwuliza kama huongea na Kinshasa alfajiri. Akasema ndiyo, huongea, akaanza kueleza habari za Kavira na wazee waliokufa. Mmoja akampiga sikioni kwa kiganja kilichokunjuliwa, mara moja, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga mlango. Wakaondoka naye, na redio, na betri. Kiatu kimoja kilibaki hakijafungwa kamba.

Mama aliposikia wamempeleka Beni, alinichukua, tukapanda lori la ndizi. Mahali pa kwanza tulipokwenda ni kwa parrain, maana tungekwenda wapi? Alitupokea kwa machozi. Alinikalisha, akanipa biskuti, akamwambia Mama kwamba amejitahidi kumtetea Prof lakini komanda ni mtu mgumu. Nilikuwa bado natafuna nilipoona, chini ya meza ya redio yake, betri yetu. Niliijua kwa mshipi wa kitenge alioushona Mama wa kuibebea, kitenge cha gauni lake la zamani lenye majani ya kijani. Ilikuwa imeunganishwa vizuri kabisa na waya za mashine yake. Nilimvuta Mama mkono. Aliangalia, akamshukuru Siméon kwa chai, tukatoka.

Biskuti ile niliitema barabarani. Ninasema kweli, chuki yangu ina ladha, na ni ladha ya biskuti ya maziwa. Nilikuwa mtoto wa kupenda watu, na nilipofika kwenye kona ya barabara ile nilikuwa nimekoma. Mama alisema tu, "Hapana lia. Tutaenda kwa komanda."

Komanda alikuwa na ofisi katika duka lililofungwa, na Papa alikuwa amekaa chini sakafuni. Sikio lake la kushoto lilikuwa na damu iliyokauka, na alituelekezea lile la kulia ili atusikie. Siméon aliitwa, akaja na shati safi. Mbele yetu, bila kunitazama, alirudia ushahidi wake.

"Nilimusikia na masikio yangu mbili," alisema. "Asubui mapema, mbele jua itoke. Kwa canal ya mbali. Alikuwa anahesabia batu ba Kinshasa malori."

Nilimwona Papa akiinua kichwa. Nilifikiri atakasirika. Badala yake alipata ule uso wa Jumapili dirishani.

"Komanda," alisema, "ile saa, kwa ile canal, Beni haiwezi kusikia Butembo. Haiko mambo ya uongo yangu na ya yake, ni juu ndio kunakataa. Mujaribishe. Kesho asubui mutu aongee kule Butembo, na Siméon asikilize hapa. Akirudilia yale maneno, muniuwe."

Mama alitoa sauti ndogo. Komanda, aliyekuwa amezoea watu wanaolia na kuapa, alimtazama Papa kwa hamu, kama mtu aliyeletewa mchezo. Alimwuliza Siméon kama anakubali. Ninaamini mpaka leo kwamba Siméon hakuona hatari yoyote. Kila siku saa nne aliisikia Butembo safi kabisa, na alfajiri alikuwa amelala, kwa hiyo hakujua kwamba kuna saa ambayo jirani yake hayupo. Alikubali, tena akaongeza la kwake.

"Mutume Masika aongee," alisema. "Ni mutoto ya batisimu yangu. Sauti yake naijua hata mu usingizi, habatanichezea."

Yeye ndiye aliyenichagua, na kwa hilo namshukuru.

Komanda aliamuru betri irudi kwa ajili ya jaribio. Redio ilikuwa imebaki kwa askari wa Butembo, ambao hawakujua hata kuiwasha. Mama alibaki karibu na Papa, nami nikapakiwa kwenye pikapu na askari kijana aliyepewa kazi ya kukumbuka nitakachosema na kukirudisha Beni, neno kwa neno. Betri iliwekwa miguuni mwangu. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo lilimwaga asidi kidogo kwenye gauni langu. Tulipofika Butembo pindo lilikuwa limeliwa matundu mengi, nikaliona kuwa sasa linafanana na chekecheo. Harufu ilinichoma pua, na mimi niliivuta kwa makusudi.

Papa alikuwa ameniambia jambo moja tu tulipoagana. Niseme kitu ambacho Siméon hawezi kukibuni. Nilifikiri njia nzima. Niliwaza kutaja jina la jogoo wetu, au rangi ya mlango. Kisha nikawaza kwamba Beni hatanisikia kwa vyovyote vile, lakini kuna wengine watakaonisikia, na mtu mwenye hasira anapopewa nchi nzima imsikilize si vizuri akaongea habari za jogoo.

Alfajiri niliunganisha waya mwenyewe, nikawasha, nikageuza kitufe mpaka kanali ya mbali. Nje kulikuwa na ukungu na moshi wa kwanza wa majiko. Nilisikia ule mvumo ninaoujua, na ndani yake, kwa mbali, sauti ya kukwaruza ya Lubumbashi ikimwita Prof Muhindo, kama ilivyokuwa imemwita bila jibu siku zote zile. Nilibonyeza maikrofoni.

"Miye ni Masika, mutoto ya Prof Muhindo wa Butembo," nilisema. "Bamefunga papa yangu. Siméon wa Beni alimusemea uongo, na betri yetu iko kwake. Sasa anasema ananisikia. Hanisikii. Ninyi bote benye kunisikia, musimujibu tena. Hata akilia, musimujibu. Kaka, na weye ambie bale ba kwako."

Askari kijana alinitazama, akauliza kama hayo ndiyo maneno. Nikasema ndiyo. Kisha Lubumbashi akasema, polepole, "Tumesikia, mwanangu." Na mwenzake wa Mbandaka akasema amesikia. Na Kinshasa.

Yaliyotokea Beni alinisimulia Mama, na nilimfanya ayarudie mara nyingi kuliko hadithi yoyote. Siméon alikaa mbele ya mashine yake na komanda amesimama nyuma yake. Mvumo mtupu. Aligeuza kitufe, akainama, akaweka kiganja sikioni, jasho likaanza kumtoka shingoni. Saa ilipopita, alijifuta uso na kutabasamu. Alisema amesikia vizuri. Mtoto alisali Salamu Maria yote bila kukosea, kama alivyomfundisha, kisha akasema, "Parrain, saidia papa yangu." Alipofika hapo machozi yalimtoka. Mama anasema yalikuwa machozi ya kweli.

Mchana pikapu ikarudi. Askari kijana alisimama mbele ya wote na kutoa maneno yangu moja baada ya jingine, mpaka lile la Kaka. Komanda aliuliza kwa Lingala, "Mwana alobi bongo?", yaani mtoto amesema hivyo kweli, askari akaapa, na komanda akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuomba radhi kwa Papa. Alisema tu achukue mke wake waende. Siméon alilazwa chini uani na kuchapwa viboko, na Mama aligeuza uso. Hilo ndilo kosa pekee la Mama katika habari nzima. Mimi nisingegeuza.

Papa alirudi nyumbani, lakini sikio la kushoto halikurudi, na baada ya muda la kulia nalo likalifuata. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza sasa alikaa mbele ya redio akinitazama mdomo. Mimi ndiye niliyeshika vitufe na kusikia, yeye aliongea. "Banasema nini?" aliniuliza, na mimi nikampazia sauti au kumwandikia. Siku moja nilimwona peke yake ukingoni mwa kilima. Alipiga makofi, akangoja, akapiga tena, kisha akaingia ndani. Hapo nilijua viboko vile vilikuwa vichache mno.

Wa mbali walitimiza neno. Saa nne nilimsikia Siméon akiita kanali baada ya kanali, Beni anaita, nani ananipata, na sauti zote nilizozijua zikanyamaza mpaka akachoka. Wafanyabiashara waliokuwa wakimtegemea wakahamia kwingine. Nilikaa na maikrofoni mapajani nikila muhogo, nikimsikiliza. Ilikuwa burudani yangu.

Halafu Papa akamsamehe. Siméon alikuja Jumapili, amekonda, akapiga magoti mlangoni, akaomba Papa aseme hewani, mbele ya wote, kwamba yameisha. Papa alimwinua. Aliahidi kusema kesho yake, na Siméon akarudi Beni kungoja kwenye mashine yake. Kesho ile Papa alirudi kutoka misa ya asubuhi, tukangoja betri ipate nguvu, mpaka jua likawa utosini.

"Weka ya mbali," aliniambia.

Niliweka ya karibu. Saa ya mchana kanali ile Beni huipata kama mtu anayeongea chumba cha pili, lakini haivuki mbali. Jua likiwa kali kuna tabaka ya chini inayoinyonya njiani, na Lubumbashi hapati hata mvumo wake. Papa mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alifumba macho kama alivyozoea, akasema maneno mazuri sana, kwamba Siméon ni ndugu yake, kwamba anaomba wenzake wote wamjibu kama zamani. Siméon peke yake ndiye aliyeyasikia. Alijibu kwa kilio, akishukuru, akiwashukuru na watu wa Lubumbashi na Kinshasa ambao hawakuwapo.

Papa alifumbua macho, akanitazama mdomo. "Banasema nini?"

"Banasema bamesikia, Papa," nilisema. "Bote bamesikia."

Alitabasamu, akanishika kichwa, akaenda kulala usingizi wa mchana. Nami nilijua vizuri nimefanya nini. Nilikuwa nimesema nimesikia nisichokisikia, mbele ya redio, kama Siméon. Papa alikufa miaka mingi baadaye akiamini alifanya amani mbele ya nchi nzima, na sijawahi kutamani ajue vingine.

Ujumbe wa mtoto wa Siméon bado uko hapa kwenye simu. Baada ya habari za misa ameandika neno moja zaidi. Anasema mzee, mpaka siku za mwisho, alikuwa akijiuliza kwa nini, hata baada ya Prof kumsamehe mbele ya watu wote, hakuna aliyemjibu tena, na kwamba alisema labda Masika anajua.

Simu inaita tena. Nimeigeuza kifudifudi juu ya meza, nimevuta karatasi ya mwanafunzi anayefuata. Huyu amekumbuka kugawa kwa mbili. Inaita mpaka inakata.